Kofi Moja, Simama

…na kinanda tena, kile kile kilichochoka, halafu yule mwanamke wa kwenye tepu, simu yako ni muhimu kwetu, tafadhali endelea kusubiri, muhimu wapi, ingekuwa muhimu si mngeipokea, na sikio lishapata joto, mke wa Taratibu akaihamishia simu sikio la pili na kumtazama mumewe ng'ambo ya meza, kakaa vile vile, glasi ya maji imefunikwa kisahani, kidonge kiganjani, kile cha kuzuia damu isigande, anachokimeza kila jioni taarifa ya habari ikianza, na hiyo hapo inaanza kwa jirani, na kesho asubuhi wanampitishia waya kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, wauchome pale unaporukaruka, na hakuna mtu katika hospitali nzima, jengo lote lile la vioo, anayeweza kusema leo ameze au asimeze… swali la neno moja tu, ndiyo au hapana… nesi wa kwanza alisema aache, damu ikiwa nyepesi atavuja kama pakacha, nesi wa pili akasema nani kakwambia aache, asiache hata kidogo, bonge likiganda likapanda kichwani mtamleta kwa machela, lakini mimi si msemaji mama, waulize famasi, na famasi wakasema sisi tunatoa dawa tu, wa kusimamisha ni daktari wa moyo, na daktari wa moyo yuko chumba cha upasuaji, kila ukipiga yuko chumba cha upasuaji, sijui analala humo, subiri nikuunganishe mama, usikate… na karatasi ya maandalizi hii hapa mezani, inasema avue pete, asile kitu, aje na kandambili, kandambili wamezikumbuka, na penye dawa wameandika fuata maelekezo ya daktari wako, haya, tufuate, yako wapi… "Bado hawajapokea?" anauliza Taratibu. "Bado." "Basi tungoje," anasema, hana haraka, hajawahi kuwa na haraka, ndiyo maana madereva wenzake walimbandika jina hilo, malori yote yakimpita kwa honi na matusi, naye anatoa mkono dirishani anawapungia, pita baba, tutakutana mizani… na kaka yake alikuwa hivyo hivyo, mpole, maskini shemeji, aliambiwa aache kidonge hiki hiki ili ang'olewe jino, jino jamani, akaacha, na asubuhi moja kikombe kikamponyoka, mdomo ukaenda upande, mpaka leo analishwa kwa kijiko na ukimsalimia anatoa machozi tu… lakini huyu naye akijikata na wembe kidogo taulo zima linaharibika, sembuse waya kwenye paja, sembuse moyoni… simu yako ni muhimu kwetu… "Utingo," anaita Taratibu, na anatabasamu, na mkewe hapendi lile tabasamu leo, kwa sababu lile ni la kwenye lori, la miaka ile walipokuwa hawajapata mtoto, utingo wao kaacha kazi bila kuaga, yeye mkewe akasema basi nitapanda mimi, watu wakacheka, mke wa mtu utingo, akapanda, akafunga turubai, akaweka mawe kwenye matairi, na lori likirudi nyuma alisimama nje akigonga bodi kwa kiganja, makofi mawili rudi, kofi moja simama, na Taratibu hakutazama kioo, vioo viwili vizima kabisa havitazami, anafumba macho anasikiliza kiganja cha mkewe, wenzake wakamwambia siku moja huyo mwanamke atakutumbukiza shimoni, akasema akinitumbukiza ujue shimo lilikuwa na sababu… na ile siku ya mvua, kwenye ghala lenye shimo la kupakulia, haoni kitu, maji machoni, haoni hata mkono wake, akapiga kofi moja, lori likasimama, likaziba njia, foleni yote nyuma inatukana, na Taratibu kazima injini katulia, utingo kasema simama, wakakaa mpaka mvua ikakatika… alikuwa hajui kitu siku ile, lakini usipojua unasimama, gari lililosimama halimgongi mtu, ndicho alichokijua tangu siku hiyo, kimemfaa kwenye lori, kimemfaa kulea watoto, usipojua simama… na hapa kusimama ndiko kulikomla shemeji… hapa ukisimama unakufa na ukirudi unakufa, au hufi, hakuna anayejua, au yupo anayejua na yuko chumba cha upasuaji… "Usihangaike sana," anasema Taratibu, "sema tu wewe, nitafuata," na anakifunua kisahani, anakiweka pembeni, kidonge kimeshaanza kuacha rangi nyekundu kwenye mistari ya kiganja kwa jasho, na mkewe anaona sasa, Mungu wangu, kumbe huyu hangoji hospitali, hajaingoja hata kidogo, tangu wameketi anamngoja yeye, na yeye mwenyewe, siku zote hizi anavyong'ang'ania hii simu, nesi huyu, nesi yule, alikuwa hatafuti jibu, majibu anayo mawili, alikuwa anatafuta mtu wa kumlaumu, mtu mwenye koti jeupe aseme, ili kesho mambo yakiharibika iwe yule ndiye aliyesema, si mimi, si kiganja changu… na hakuna wa kumpa lawama… anaogopa, na hawezi kumwambia, kwa sababu dereva akijua utingo haoni ataendeshaje… kinanda kimekatika, anaibana simu sikioni, kumbe kinaanza upya tangu mwanzo… na Taratibu amefumba macho, taratibu tu, kama zamani, kidonge kiganjani, glasi mkono wa pili, anauliza vile alivyokuwa akiuliza dirishani, "Utingo, vipi huko nyuma?", na mkono wa mkewe unainuka juu ya meza, kiganja wazi, kofi moja aache, mawili ameze, unabaki hapo hapo hewani, na mwanamke wa kwenye tepu anasema tafadhali endelea kusubiri…