Thuluthi ya Ndoo

Alhamisi asubuhi Ashatu aliteremsha ndoo kisimani Fukayosi, akaisikia kabisa ikigonga maji, akaivuta. Ikatoka kavu. Hakushangaa, ilikuwa wiki ya tatu sasa. Tangu wataalamu wa ofisi ya maji wafunge kipimo chao, kisima kikizidi nusu, ndoo hutoka zikimwagika. Kikipungua nusu, hata tone halikubali kupanda, ingawa maji unayaona yakimeremeta kule chini. Watu walikwenda zao bwawani, wakachota pamoja na ng'ombe.

Lakini Jumamosi mjukuu wa Ashatu alikuwa anatimiza arobaini: anyolewe, aogeshwe, atolewe nje, wageni wale pilau. Maji ya ng'ombe kwa mtoto mchanga? Thubutu! Akampigia simu Najma, binti wa kaka yake, fundi redio wa Dunda.

Mchana Najma alishuka kwenye bodaboda na mita yake ya kupimia umeme mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kisima kimetununia."

Najma akafungua kisanduku cha kipimo pale kisimani, akapima. "Hakijanuna. Kipimo kinaleta umeme kidogo kidogo, kadiri maji yanavyopanda. Wao waya wameuchomeka kwenye pini inayojua mawili tu: yapo, hayapo. Kisima kinatii."

"Kinatii mno."

Akauhamishia waya kwenye pini inayosoma hatua kwa hatua, na njiani akatia rezista mbili za kupunguza umeme, volti tano za kipimo zisije zikaunguza bodi ya mle kisandukuni, iliyozoea tatu. Ashatu akateremsha ndoo. Kisima kilikuwa thuluthi, na ndoo ikapanda na thuluthi yake, maji safi, ya baridi. Machozi yalimtoka kwa furaha, wala hakuyafuta.

Ijumaa karani wa ofisi ya maji akapiga simu kujaza fomu.

"Mama, maji yapo au hayapo?"

"Yapo thuluthi."

"Fomu haina thuluthi. Naandika yapo."

Basi kisima cha pili walichoahidiwa kikafutwa, maana Fukayosi ina maji. Ashatu alimtukana karani kimoyomoyo, akarudi kuchambua mchele.

Jumamosi wanawake walianza kuchota alfajiri, safari tatu kwa ndoo moja. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto akaogeshwa, akapiga kelele mpaka majirani wakacheka, na maji yakabaki ya chai.