Masharubu ya Mshili Sumari

Ephraimu alikuwa na kipaji kimoja na kilema kimoja, na vyote vilikaa katika mkono wake wa kulia. Kipaji chake kilikuwa kuchora. Kilema chake ni kwamba hakuweza kukichora kitu ila kama kilivyo. Mwaka 1938 mwenye bucha mmoja mjini Arusha alimpa kazi ya kuchora mbuzi kwenye kibao cha duka, akamfunga mbuzi mlangoni ili amtazame. Ephraimu akamchora yuleyule, mbavu zikihesabika, jicho moja lina tongo. Mwenye bucha akakikataa kibao, akakiegemeza nje ukutani, na hapo ndipo Miss Whitcombe alipokiona. Alisimama muda mrefu, kisha akauliza mchoraji anakaa wapi.

Miss Whitcombe alikuwa Mwingereza wa makamo aliyepanga nyumba karibu na mto Nduruma, akikusanya buibui. Watu walimwita Bibi Buibui, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika. Kiswahili alijifunza kitabuni, kwa hiyo hakukosea hata neno moja, wala hakuharakisha hata neno moja.

"Mkono wangu hutetemeka," alimwambia Ephraimu. "Wewe utachora. Usiongeze kitu. Usipunguze kitu."

Ephraimu nusura alie. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwomba hivyo.

Buibui aliyeleta matata aliletwa na Tabea, mkewe Ephraimu. Tabea alikuwa akichuma kahawa, mara kadudu keusi, kadogo kuliko punje ya mahindi, kakamrukia kwenye dole gumba, kakageuka, kakamtazama usoni bila hofu. Akakafunika kwa jani na kukapeleka kwa Bibi Buibui.

Miss Whitcombe alikaweka kwenye kichupa, akakatazama kwa kioo cha kukuzia, akasahau chai yake.

"Huyu hatandi utando wa kunasia," alisema. "Huvizia kama paka, kisha huruka. Anaporuka huacha uzi nyuma yake, ili akikosa asianguke. Tazama macho. Yako manane. Manne yamepangwa usoni, na haya mawili ya katikati ni makubwa kupita yote. Kwa macho tu nimekwisha kuujua ukoo wake: ni ukoo wa warukaji. Sasa tutafute yeye ni wa nyumba gani, na katika nyumba hiyo yeye ni nani."

Ephraimu alielewa papo hapo. Hivyo ndivyo mzee yeyote wa Meru anavyomhoji mgeni njiani. Kazi ikawa ngumu pale nyumba ilipopatikana lakini jina likakosekana. Miss Whitcombe alipekua vitabu vyake siku tatu, kila aliyemo hakuwa huyu.

"Huenda bado hajapewa jina," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Basi Ephraimu akachora. Alimchora kutoka juu: mweusi kama makaa, mistari miwili myeupe ubavuni, miguu ya mbele minene yenye manyoya ya kahawia. Akachora na vikono viwili vidogo vya mdomoni, kwa maana Bibi alimwambia kwamba kwa madume kila aina ina vyake, kama funguo na kufuli. Mwisho akauchora uso, kwenye karatasi kubwa kama sinia. Chini ya macho ziliteremka nywele nyeupe, nene, kulia na kushoto. Hakuacha hata moja.

Karatasi hiyo alikwenda nayo nyumbani kuimalizia. Tabea akaja na ndizi za kumenya, akachungulia begani kwake, kisu kikamwanguka.

"Baba Hanna, umemchora Mshili!"

"Nimemchora buibui."

"Huyo ni Mshili Sumari, amevaa na miwani yake."

Ephraimu akacheka. Kisha akatazama tena, akaacha kucheka. Mshili Sumari ndiye aliyekuwa mkubwa wa eneo lao, mwenye kuamua kesi za mipaka na mifereji. Masharubu yake meupe yalimfunika mdomo. Miezi miwili nyuma alikuwa amenunua mjini miwani ya duara, mizito, aliyoivaa hata akila. Na alikuwa na tabia, kabla ya kusema neno kubwa, ya kuyapapasa masharubu yake kwa vidole vya mikono yote miwili, haraka haraka, sawasawa kabisa na kadudu kale kanavyochezesha vikono vyake mdomoni.

"Punguza masharubu," Tabea alimsihi.

"Siwezi. Bibi huzihesabu nywele."

Asubuhi yake aliikunja karatasi, akaitia kwapani, akashika njia ya migombani ambayo Mshili hapiti. Siku hiyo Mshili alipita, tena pamoja na wazee wawili wa baraza.

"Shikamoo, Mshili."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Karatasi tu, Mshili."

"Karatasi haikumbatiwi hivyo. Kunjua."

Akakunjua. Wazee wakainama. Mmoja wao akapiga makofi. "Mshili, umechorwa!"

Mshili Sumari aliinua kidevu, akauangalia uso ule kwa raha iliyoanza taratibu, kama jua linapotoka mlimani. "Hm! Kijana, kweli umenipata. Masharubu umeyatendea haki. Lakini haya macho mengine mawili hapa pembeni ni ya nani?"

Hapo mtu mwingine angesema ni mapambo. Ephraimu alifumbua mdomo akitumaini kwamba uongo utatoka wenyewe.

"Si wewe, Mshili," alisema. "Ni buibui."

Siku ya Alhamisi kesi ya kumdharau Mshili iliitwa barazani, naye Mshili alikuwa mshtaki na mwamuzi, jambo ambalo halikumtatiza hata kidogo. Watu walijaa mpaka madirishani. Waliacha kahawa ikiiva yenyewe. Ephraimu alisimama katikati, naye Mshili akasimulia jinsi alivyokusudiwa kufanywa mdudu mbele ya wananchi wake.

"Buibui si mdudu," ilisema sauti mlangoni. Ni Miss Whitcombe, ana kofia kichwani na kichupa mkononi. "Mdudu ana miguu sita. Buibui ana miguu minane. Naomba baraza lihesabu."

Akaweka kichupa mezani. Akaongeza, polepole, kama asomaye ushahidi kanisani: "Mimi nasema kweli. Buibui huyu alikuwa na masharubu kabla ya Mshili."

Wazee wakapanga mstari, kila mmoja akapewa kioo cha kukuzia. Wa kwanza akainama, akainuka, akarudi kukaa, mabega yakimtikisika. Wa pili akakohoa muda mrefu. Kadudu kenyewe hakakuwa na aibu. Kila mzee aliyeinama, kenyewe kalimgeukia, kakamkazia macho, kakachezesha vikono mdomoni kama kanakotaka kutoa hukumu.

Kisha akaja Nanyori, mke wa Mshili, ambaye hakuitwa na mtu. Akainama. Akapiga ukelele, akajishika tumbo, akakaa sakafuni.

"Ni yeye! Jamani, ni yeye mtupu! Hata anavyogeuka, ni vile akisikia sahani!"

Basi baraza lote likaanguka kwa kicheko. Waliokuwa madirishani wakaangukia nje. Ephraimu pekee hakucheka. Alikuwa akihesabu siku atakazofungiwa.

Mshili Sumari alingoja mpaka kelele zikaisha. Akavua miwani, akachukua kioo, akainama. Wakatazamana, yeye na kadudu, hata watu wakaanza kuona haya. Buibui akainua miguu yake miwili ya mbele juu kabisa.

"Ananisalimu," alisema Mshili, bila kuinua kichwa.

Miss Whitcombe alifungua mdomo kueleza kwamba hiyo ni dalili ya kutaka kupigana, akamwona Ephraimu, akaufunga.

"Ni dume?"

"Dume. Katika ukoo wake jike aghalabu ni la kahawia, ni kubwa kuliko dume, halina masharubu. Pengine humla."

"Na hilo ni kweli," alisema Nanyori kutoka sakafuni.

"Anaitwaje?"

"Bado hana jina. Likipatikana nitalipeleka London, na wataalamu wa huko watalitia kitabuni milele."

Mshili akarudisha miwani usoni. Akayapapasa masharubu kwa mikono yote miwili. Baraza likabana pumzi.

"Baraza limeona," alisema, "kwamba Ephraimu hakuongeza wala hakupunguza. Kesi imefutwa. Lakini buibui huyu ni wa eneo langu, na hawezi kukaa duniani bila jina. Ataitwa Sumari."

Miezi mitano Mshili aliishi kama baba wa mtoto anayesoma ng'ambo. Alisimamisha watu sokoni Tengeru akiwaeleza habari za macho manane. Alimkemea mwanamke aliyekuwa akifagia utando, ingawa buibui wake hatandi.

Kisha barua ikaja kutoka London. Miss Whitcombe aliisoma mara mbili, akamkabidhi Ephraimu ampelekee Mshili, akasema yeye ana homa. Hakuwa na homa.

Ephraimu alimkuta Mshili kibarazani, akamweleza kwa sauti ndogo kama Bibi alivyomfafanulia. Buibui alikuwa na jina tayari. Miaka arobaini iliyopita mtu aliokota jike, mbali, huko Usambara, akalipa jina. Kwa kuwa jike na dume hawafanani, hakuna aliyewatambua kuwa ni mke na mume mpaka michoro ya Ephraimu ilipofika, ikaonekana ufunguo na kufuli vinaingiana. Sasa dume lazima achukue jina la jike.

"Mume kafuata jina la mkewe?" aliuliza Mshili.

Kicheko cha Nanyori kikasikika jikoni.

"Ndiyo sheria yao, Mshili. Aliyetangulia kutoa jina, alilolitoa ndilo linalokaa. Hata angekuja nani baadaye."

Mshili akaigeukia migomba yake. Ephraimu akasubiri ghadhabu.

"Kesi ngapi nimeamua za kihamba, za shamba la ukoo," alisema mzee mwishowe. "Huja mtu na mashahidi, na machozi, na ng'ombe. Namuuliza neno moja tu: nani alifyeka kwanza? Basi." Akaguna. "Hata mimi ningeamua hivyo. Imeniuma, lakini ni sawa."

Akamsogelea Ephraimu.

"Na huyo jike, katika kitabu chao, amechorwa vizuri?"

Ephraimu alikuwa amekiona kitabu hicho kwa Bibi asubuhi ileile.

"Vibaya sana, Mshili. Wamemchora na miguu saba."

"Saba!" alisema Mshili Sumari, uso ukimfunguka, akamwita Nanyori alete chai ya watu wawili.