Jina la Wepukhulu

Kitu chenyewe ni bonge la barafu lililo ng'ambo ya Neptuni, huko ambako hata jua huonekana kama nyota tu, ila kali kuliko zote. Nilikiona mimi, Nangila, nikikodolea macho kompyuta pale chuoni Nairobi. Ukilinganisha picha za anga za usiku mbalimbali, nyota zote zimetulia, halafu kuna nukta moja imesogea kidogo. Katika kundi letu la utafiti anayekiona kitu kwanza hukipa jina la nyumbani, la kutumia sisi wenyewe kabla wakubwa hawajakipa la rasmi. Sikufikiri mara mbili. Nilitaka kiitwe Wepukhulu.

Wepukhulu ni kaka yangu. Aliondoka Kitale na lori la mahindi kwenda Sudan Kusini. Lori likapatikana tupu ng'ambo ya mpaka, yeye hakupatikana. Miaka imepita. Kila baada ya mavuno mama hutoka kwetu Sirisia akaenda Kitale, akazunguka kwenye maghala akiwauliza madereva. Wanamheshimu, wanamletea kiti, kisha wanamdanganya kwamba wataulizia. Baba mdogo Hesbon ameshachoka. Anataka tuzike shina la mgomba, kama tufanyavyo sisi Wabukusu mwili usipoonekana, mambo yaishe. Asiyekuwepo na lake halipo, husema, macho yake yakiwa kwenye shamba la kaka. Simpendi mzee huyo, lakini kwa hili nilikuwa upande wake, na hilo liliniudhi zaidi.

Kwetu mtoto hurithi jina la aliyekufa. La aliye hai haligawiwi. Mimi nilijiambia kwamba barafu si mtoto, nikaenda nyumbani kuomba ruhusa. Mama alikuwa uani akipukuchua mahindi, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi.

"Kwa hivyo umekuja kuzika mtoto yangu," alisema. "Hesbon anataka kumzika na mgomba, wewe unataka kumzika huko juu. Si afadhali ya Hesbon? Hapo naweza palilia."

"Mama, ni heshima tu."

"Heshima gani? Hiyo kitu unajua mahali iko. Wepukhulu hujui."

Nilipandwa na hasira. "Mama, Wepukhulu alikufa."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa katika boma letu. Mikono yake ikasimama. Kuku wakaja wakadonoa mahindi miguuni pake, asiwafukuze. Nilijichukia.

Kisha akauliza taratibu, "Hiyo kitu ikienda, inarudi?"

Ningeweza kumdanganya kama madereva. "Inazunguka jua. Inakaribia kidogo, halafu inaenda tena. Lakini mzunguko mmoja ni maelfu ya miaka, mama. Sisi hatutakuwepo."

"Na ikiwa huko mbali, jua bado inaivuta?"

"Bado inaivuta."

Aliliweka chini gunzi lililokuwa mkononi. Akainuka, akajikung'uta makapi, akauliza kiko upande gani. Ilikuwa mchana kweupe. Nikakadiria, nikaonyesha juu ya paa la jikoni.

"Jina ya mtu haipeanwi kabla hajaitwa," alisema. Sijui kama ni mila au aliibuni palepale, mimi sikuwahi kuisikia. Alikaza kitambaa kichwani akaita, "Wepukhulu!" kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliyekawia malishoni. Akatega sikio. Akaita tena. Mara ya tatu sauti ilimkatikia katikati.

Tukangoja. Mimi niliyefunga safari toka Nairobi nikijua kaka amekufa, nilijikuta nimezuia pumzi, nisije nikakosa kusikia akiitika.

Mama ndiye aliyenigusa bega.

"Hajaitika," alisema. "Enda uandike."