Beldina Anapungua

Daktari alimwambia Beldina maneno machache: punguza mwili, mama, la sivyo presha itakuangusha. Lakini pale Kaloleni, mwaka ule wa tisini na tatu, unene wake ndio uliomuuzia chakula. Watu waliuona mwili ule, wakaiamini sufuria yake ya nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri.

Aliyemsaidia ni Bibi Kusum, Mhindi mjane ambaye Beldina alimfulia nguo. Aliwafundisha wanawake wenzake yoga ndani ya stoo ya mabati, saa nane mchana, madirisha yamefungwa, joto kama la tanuri.

"Ingia, Beldina. Hapa jasho ndiyo dawa."

Alimtandikia mkeka kando ya wake mwenyewe. Beldina alipoyumba kwa mguu mmoja, alimshika kiuno mpaka akasimama imara.

Masika yalipoanza, Beldina alipanda ngazi za kliniki bila kuhema. Daktari akampima presha, akatabasamu. Lakini gauni lilikuwa likimning'inia, na mashavu yamebonyea.

Asubuhi moja Walubengo, fundi baiskeli, mteja wake wa kwanza kila siku, alisimama mbali na benchi.

"Mama Ouma, mbona umekonda hivi?"

"Nafanya mazoezi. Yoga."

"Yoga!" Akawageukia wenzake. "Na wale tuliowazika juzi, nao walikuwa wanafanya yoga?"

Wakacheka, kisha kicheko kikawakauka. Siku hizo za ukimwi majeneza yalikuwa hayaishi kupita, na mtu akikonda hakuulizwa anaumwa nini. Alikimbiwa, yeye na chakula chake.

Sufuria ikawa inarudi nyumbani imejaa. Jirani yake, mama mzee Selpha, alikuja kila mchana watu wakiwa wengi, akaketi benchini, akala, akalamba vidole wamwone. Lakini mtu mmoja hamalizi sufuria. Watoto wa Beldina wakawa wanalala wamekula nyoyo iliyochacha, kisha hata hiyo ikakosekana.

"Dani," Beldina alimuuliza Selpha, akimwita nyanya kwa Kijaluo, "nife na presha, au hawa wafe na njaa?"

Selpha aliinuka. Alikwenda kwake, akarudi na kibuyu cha samli, akakiweka mezani.

Beldina akaacha yoga. Akala ugali kwa samli hadi mashavu yakajaa. Wateja wakarudi mmoja mmoja.

"Umepona, Mama Ouma!" Walubengo alifurahi kweli. "Mungu ni mkubwa. Niongeze kidogo."

Beldina akachota. Mwiko ukamponyoka. Alipotaka kuuokota, mkono wa kulia haukumtii. Akataka kumwita Walubengo, mdomo ukaenda upande.

Ni Walubengo aliyempeleka hospitali kwa mkokoteni, akikimbia, na ndiye aliyemrudisha nyumbani, akiyakwepa mashimo yote.

Bibi Kusum alifika saa nane mchana. Akafunga dirisha, akaketi sakafuni, akauinua mkono ule.

"Vuta pumzi, Beldina."

Akavuta. Bibi akauachia taratibu, ukaanguka godoroni. Akaunyoosha vidole, akauinua tena.

Nje, Selpha alikuwa akiwapakulia wateja. Walubengo alisikika akimuuliza kwa sauti ya chini kama Mama Ouma amekula.