Aliyeupa Mto Mgongo

Kila Jumamosi ya kwanza ya Juni, watu wa Kivuko cha Hargrave, huko Oregon, hutupa shada la maua mtoni. Shada ni la Josiah Hargrave, aliyeleta gari la kwanza la maksai kutoka Missouri mwaka 1852, akazama hapo hapo kivukoni akiwavusha mkewe na wanawe. Ndivyo wasemavyo. Na kila mwaka, shada likianza kuelea na wanaume wakivua kofia, mwanamke mmoja alikuwa akiketi kwenye nyasi, akaupa mto mgongo, akatafuna mkate wake taratibu.

Huyo alikuwa Keziah, bibi yake Orpha Tackett. Orpha alipokuwa mdogo aliona haya hata akatamani ardhi ipasuke.

"Bibi, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Macho hayana pazia."

Hakueleza zaidi. Alizikwa mwaka 1911 na siri yake, na mji ukabaki kumwita mwehu wa mkate.

Mwaka 1926 kamati ya mji iliamua kusimamisha jiwe kivukoni. Orpha alikuwa fundi cherehani, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko hata wa karani wa mji, basi akaombwa aifuatilie safari ya akina Hargrave kutoka mashariki na kuisoma siku ya jiwe. Hakuna aliyemwambia amfuatilie Keziah. Keziah alikuwa msichana wa kazi tu aliyekuja na gari la watu, na nani anaandika habari za msichana wa kazi?

Aliandika barua arobaini. Nyingi hazikujibiwa. Mbili zilijibiwa, na hizo mbili zilitosha.

Ya kwanza ilitoka kwa karani wa kanisa kule Missouri. Josiah Hargrave, fundi wa kinu, aliyekatika vidole viwili vya mkono wa kushoto, amezikwa hapa, Novemba 1871. Alifia kitandani. Aliacha mke, Lavinia, na watoto watatu. Wazee wanakumbuka kwamba aliwahi kwenda magharibi, akarudi peke yake kabla ya mavuno, akisema mke na watoto wa kwanza wamekufa kwa kipindupindu.

Vidole hivyo viwili kila mtoto wa Kivukoni anavijua. Hata kwenye jiwe jipya, mkono uliochongwa ulikuwa na vidole vitatu.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini ya huyu ilikuwa ya mwendo wa miezi. Orpha alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Kisha akafungua barua ya pili, ya mzee ambaye mama yake alisafiri katika msafara ule ule, na kicheko kikakatika. Mama yule aliacha ameandika kwamba gari la Hargrave liliongozwa na kijakazi wa miaka kumi na saba, Keziah, akitembea kwa miguu kando ya maksai miezi minne, mama mwenye gari akiwa hoi kwa homa ndani ya turubai. Ndiye aliyeokota mavi makavu ya nyati ya kuwashia moto. Ndiye aliyevuka mto wa mwisho, maji yakimfika kifuani, watoto wawili wakimng'ang'ania shingoni.

Orpha alilia kwa hasira. Miaka yote ile alikuwa amemwonea haya.

Wendell Hargrave, mjukuu wa Josiah na mwenyekiti wa kamati, alikuja kujaribu koti lake la sherehe. Orpha akampa barua zote mbili. Alizisoma akiwa amevaa mkono mmoja tu wa koti.

"Jumamosi utasoma nini, Bi Orpha?"

"Hizo hizo."

"Jiwe limeshachongwa."

"Lichongeni na upande wa pili. Uko mtupu."

"Unajua utamuumiza nani? Shangazi Drusilla. Ana miaka themanini, na kila mwaka ndiye anayetupa shada la baba yake. Unataka kumuua?"

Hilo lilimchoma. Bibi Drusilla alikuwa mmoja wa wale watoto wawili wa shingoni, na hakuwahi kumtendea Orpha ila wema.

Wendell aliona limeingia, akaongeza. "Na ukisoma, hutashona tena hata kifungo mji huu."

"Basi vua hilo koti, tuanze na lako."

Nisimpambe. Baada ya mlango kufungwa alifikiria kunyamaza, akafikiria siku mbili nzima. Lakini kila alipoinamia cherehani aliuona ule mgongo kwenye nyasi. Jumamosi akavaa gauni lake jeusi, akafunga mkate kwenye kitambaa, akaenda.

Mji mzima ulikuwa kivukoni. Bibi Drusilla alikalishwa ukingoni kwenye kiti cha mikono, kando ya bendi, shada mapajani. Orpha alipofungua karatasi na kusema, "Josiah Hargrave hakufia hapa," Wendell alipunga mkono na tarumbeta zikalia.

Orpha akasubiri. Wapigaji wanahitaji kuvuta pumzi kama watu wengine. Walipovuta, akasoma, "Alirudi nyumbani." Wakapiga tena. Wakavuta tena pumzi. "Akaoa mke mwingine." Wakapiga, safari hii vibaya, kwa sababu mpiga tarumbeta kubwa alitaka kusikia mwisho wake.

Ndipo Bibi Drusilla aliponyoosha fimbo yake na kuilaza juu ya ngoma.

"Acheni kelele. Nasikiliza."

"Shangazi, jua kali hili, twende nyumbani."

"Kaa, Wendell. Hukuwa umezaliwa hayo yakitokea." Akamgeukia Orpha. "Soma, mwanangu. Usiruke."

Orpha alisoma mpaka kwenye maji ya kifuani na watoto wa shingoni.

"Mimi nilishika sikio," Bibi Drusilla akasema. "Kaka yangu alishika nywele. Nilikuwa na miaka sita. Baba alipanda farasi, akasema anakwenda kutafuta maji. Nikautazama mgongo wake mpaka ukapotea. Tulipofika hapa mama akatuapisha tuseme alizama, kwa sababu hakutaka tuitwe watoto wa mtoro. Keziah alikataa kuapa. Akasema, siri yenu nitaitunza, lakini kumlilia simlilii."

"Lakini wewe ulikuwa ukilia kila mwaka, Shangazi," Wendell akasema kwa sauti ndogo. "Nimekuona."

"Nililia kweli. Baba yangu alikuwa hai na hakurudi. Hilo halilizi?"

Alimpa Orpha shada.

"Mpelekee Keziah. Mwambie limechelewa, lakini ni lake." Kisha akagonga mguu wa kiti kwa fimbo. "Na nyinyi wenye nguvu, nigeuzeni."

Wendell hakusogea. Mpiga ngoma alisogea, na yule wa tarumbeta kubwa, wakakinyanyua kiti pamoja na Bibi Drusilla, wakakigeuza mpaka mto ukawa nyuma. Orpha akaketi kwenye nyasi pembeni, shada mapajani, mgongo kwa maji.

Bibi Drusilla alinyoosha mkono bila kumtazama.

"Mkate umeleta?"

Orpha akafungua kitambaa, akaumega katikati.