Kufutwa kwa Kwale-Joho

Mimi nilisomeshwa zama za kalamu ya wino na mgongo ulionyooka. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike aliponiomba nimsaidie kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote huweza kuiandika na yeyote kuisahihisha, nilifunga tai kwanza, ndipo nikaketi mbele ya kompyuta.

Kazi yetu ilikuwa kusaka makala za uzushi. Watu hawana haya! Mmoja alibuni mto unaopanda mlima. Mwingine alijitawaza mfalme wa kisiwa kisichokuwapo. Mjukuu wangu huwaona hao upesi kama mpishi aonavyo jiwe kwenye mchele. Ndiyo maana wahariri wenzake walikuwa wakipiga kura wamfanye mkabidhi, yaani mwenye ufunguo wa kufuta makala. Kura zilikuwa zifungwe Ijumaa, nami nilitembea kifua mbele kana kwamba ninagombea mimi.

Jumatano aliingia sebuleni, uso umemsawajika.

"Babu, makala ya kwale-joho umeipitisha wewe?"

"Naam. Ilikuwa na koma zilizozagaa ovyo, nikazitia adabu."

"Babu, kwale-joho hayupo duniani."

Nikaisoma upya. Ndege adimu, ilisema, mwenye manyoya mekundu yaliyosokotana shingoni, aonaye haya mbele za watu na aimbaye akishiba. Lugha ilinyooka, maana niliinyoosha mwenyewe. Kisha nikaitazama picha, jambo ambalo sikulifanya mwanzoni, kwa sababu picha haina koma.

Alikuwa kuku wetu, yule kishingo asiye na unyoya shingoni. Amevaa mkono wa sweta yangu nyekundu, niliyokuwa nikiitafuta tangu baridi ianze.

Nilimwita mke wangu. Akaja na mwiko mkononi.

"Shingo tupu vile, ningemwacha agande?" akasema. "Na wewe sweta yenyewe ilikubana tumbo."

"Na aliyempiga picha akaandika makala?"

Akatazama dari. "Muulize shemeji yako."

Shemeji huyo, kaka yake, ni kinyozi ambaye mdomo wake haujui Jumapili. Nikampigia simu.

"Eh, shemeji! Umechelewa!" akaangua kicheko. "Si ulijigamba dukani kwangu kwamba uongo haukupiti? Umekupita, tena ukauvisha na tai!"

"Waambie wahariri ukweli mara moja!"

"Nimeshawaambia. Wanasema kinyozi anatania."

Ilikuwa kweli. Katika ukurasa wa majadiliano mhariri mmoja, aliyekwisha kumpenda ndege yule, aliandika kwamba makala imepitishwa na mzee makini. Mwingine akauliza kama mjukuu anayeficha uzushi wa babu yake anafaa kupewa ufunguo. Nikaandika: "Huyu ni kuku wangu. Namjua." Wakanijibu kwa kanuni niliyozoea kuwachapia wengine: kauli si ushahidi.

"Tuwapelekee picha ya sweta," nikasema.

"Watasema ni sweta nyingine. Ivae, Babu, umpakate kuku akiwa na mkono wake wa sweta. Waone rangi moja, uzi mmoja."

"Mimi? Mwalimu mkuu niliyesimamisha shule nzima gwarideni kwa kukohoa tu?"

Hakunibembeleza. Aliinamisha kichwa, akaanza kufunga kompyuta polepole, kama mtu aliyekwisha kushindwa.

Mke wangu akaitoa alikoificha, nikaivaa. Mkono mmoja upo, mmoja haupo, tai juu yake. Tumbo lilibanwa, mke wangu hakusema uongo. Tuliketi uani, mimi na kishingo, kila mmoja na sehemu yake ya sweta. Kamera ilipobofywa, kuku alitoa maoni yake juu ya suruali yangu.

Ijumaa mjukuu wangu alichaguliwa. Hata mpenzi wa kwale-joho alimpigia kura, akikiri kwamba uzi ni uleule. Tendo lake la kwanza akiwa mkabidhi lilikuwa kuifuta makala ile, na koma zangu zote nzuri zikaenda nayo.

Nikakohoa. "Sasa futa na ile picha yangu."

"Ni ya uongo?"

"Inanivunjia heshima."

"Sikuuliza hilo, Babu. Ni ya uongo?"

Nikaiweka sawa tai yangu.

"Basi haifutwi. Hapa tunafuta uongo, aibu hatufuti."

Nani aliyemlea msichana huyu hata akawa mkali kiasi hiki? Nilitoka nje ili asinione nikitabasamu.

Picha ingalipo, katika makala ihusuyo sweta. Chini yake mtu ameandika: "Mzee na kuku wakigawana sweta". Aliisahau nukta mwishoni. Nimeiweka.