Koti la Kocha

"Arvella, hebu niambie ukweli. Huyo binti yako ni kocha, au kazi yake ni kumshikia kocha koti?"

Jirani yangu Earline aliniuliza hivyo kutoka ng'ambo ya ua, vibanio vya nguo vimemjaa mkononi. Jana yake alikuwa ameutazama mchezo wa mpira wa kikapu wa chuo kwenye televisheni.

"Ni kocha msaidizi," nikamjibu.

"Haya, msaidizi. Lakini nimemwona kwa macho yangu mawili! Mzee Haskell anaruka kama jogoo aliyekanyaga moto, na Denita yuko nyuma yake kakamata pindo la koti. Nikasema, maskini, mtoto kasoma mpaka chuo, kaishia kuwa kamba ya mbuzi."

Nikacheka, maana Earline ukimnunia ndipo anapozidi. Nikamweleza kwamba mbele ya benchi kuna mstari, na kocha akiuvuka huku anamfokea mwamuzi, timu inaadhibiwa. Basi lazima mtu amshike. Kila timu ina mtu wa namna hiyo. Kwetu alikuwa Denita.

"Na yeye nani anamshika?" Earline akauliza.

"Yeye hashikwi. Ana akili."

Lakini swali lile liliingia likakaa. Kila nilipotazama mchezo baada ya siku ile, niliacha kuutazama mpira, nikawa nautazama mkono wa mwanangu kwenye koti la mtu mwingine.

Ukiingia uwanja wa ndani wa chuo chetu, ukainua macho, utaiona jezi ya Denita imetundikwa juu kabisa. Hapa Mississippi hakuna msichana aliyecheza kama yeye wakati wake. Kisha kano ya goti ikakatika. Watu wengi hawajui kwamba ufadhili wa masomo hutolewa mwaka kwa mwaka, na msichana akivunjika, chuo kinaweza kumwambia asante, nenda kwenu. Haskell hakumwambia hivyo. Alisema, "Huyu atamaliza masomo, hata kama hatagusa mpira tena." Akamaliza. Haskell akamweka benchi karibu naye, akampa koti la kushika, na kazi nyingine zote zisizoonekana kwenye televisheni.

Kazi yenyewe ni hii. Unaendesha gari kutafuta wachezaji hadi miji midogo ya mashambani kule Delta, miji ambayo hata duka la mkate hakuna, unaketi jikoni kwa mama fulani, unakula alichopika, hata kama umeshiba. Yule mama anakutazama. Hatazami kalamu yako wala shati lenye nembo ya chuo. Anatazama kama mtoto wake akiugua utamfunika shuka. Denita alikuwa akiwaambia kina mama neno moja tu: "Akivunjika, hatutamtupa. Mimi mwenyewe sikutupwa." Kwa neno hilo wakampa binti zao. Nami Jumapili, baada ya ibada, nawalisha wote kwangu, maana tangu mume wangu afariki meza ilikuwa imenikalia kubwa. Kuku, mkate wa mahindi, maharage, pai ya viazi vitamu. Mabinti warefu wale, wanainama mlangoni kama wanaingia kibanda cha kuku.

Msimu uliopita Haskell aliugua moyo, akalazwa. Denita akaiongoza timu mpaka mwisho, wakachukua kombe la kanda yetu. Mimi nilikuwa pale, safu ya tatu, namwomba Mungu kimyakimya. Na nilikuwa natazama. Nyuma ya mwanangu hakusimama mtu wa kumshika koti. Hakuuvuka ule mstari hata mara moja.

Haskell akatoka hospitali, akasema inatosha, anastaafu. Akaiambia bodi ya chuo waziwazi: mrithi wangu huyu hapa. Mji mzima ukaanza kumwita Denita kocha, bila ile msaidizi nyuma. Hata Earline.

Jumapili moja Mchungaji Tolliver akaja kula kwangu. Mchungaji wetu yumo kwenye bodi ile. Alimbatiza Denita kwa mikono yake, akamzika mume wangu. Siku hiyo mabinti walikuwa wamekwenda makwao, tukabaki watatu mezani. Akala kuku, akaongeza, akasifu. Nikaona anasifu kupita kiasi.

"Mchungaji," nikasema, "sema lililokuleta, chakula kitaendelea kuwapo."

Akapangusa mdomo. "Dada Arvella, bodi imeomba sana uongozi wa Mungu."

"Mungu akasemaje?"

"Tumempata kijana mmoja, Maddox. Alikuwa akifundisha wavulana kule kaskazini mwa jimbo. Ana uzoefu wa kuwa kocha mkuu."

Denita hakuinua macho kwenye sahani. "Wa wasichana?"

"Mpira ni mpira, binti."

"Na kombe tulilochukua?"

"Kila mtu anajivunia hilo! Ndiyo maana tunataka ubaki. Msaidizi wa kwanza. Tunakuhitaji mno." Akaivuta ile pai karibu. "Ila kuna jambo. Wale mabinti wapya, kina mama zao wameanza kupiga simu ofisini, wanasema kama wewe si kocha, binti zao hawaji. Sasa, ukiwapigia wewe, ukawatuliza... Na Jumanne tunamtambulisha Maddox uwanjani. Simama karibu naye. Watu wakuone."

Nimelelewa kumheshimu mtumishi wa Mungu, na sikupaza sauti.

"Mchungaji, ulipiga kura gani?"

"Dada, mambo ya bodi ni siri."

"Mungu alikuwemo kikaoni au alisubiri nje?"

"Arvella!"

"Nauliza tu. Mimi shule yangu iliishia ya msingi, mambo ya bodi siyajui. Naelewa hivi: mwanangu hafai kuongoza timu, ila bila yeye timu hampati."

Akanyoosha kijiko. Nikaiondoa ile pai mbele yake, nikaipeleka jikoni, nikaifunika. Namwomba Mungu anisamehe kama ni dhambi, ila sijaona bado kama ni dhambi.

Alipoondoka, Denita akaosha vyombo. Anapokasirika anaosha mpaka sufuria safi.

"Usiende huko Jumanne," nikamwambia.

"Nitakwenda, Mama. Bi Rosetta, yule mama wa Delta mwenye binti mpya, ananipigia simu kila siku, ananiuliza, 'Lile neno lako bado lipo?' Sijui nimjibu nini. Siwezi kulijibu mimi tena. Lazima nimuulize huyo mtu. Akisema ndiyo, nitabaki, Mama. Hata kwa koti. Akisema hapana, basi."

"Utabaki umshikie na huyu koti?"

"Kwa ajili ya wale watoto, ndiyo."

Sikulala vizuri. Nilimwomba Mungu amtie yule mtu neno jema kinywani, ingawa moyo wangu haukutaka.

Jumanne uwanja ulijaa. Walipanga viti mbele, bodi wakakaa, Mchungaji Tolliver katikati yao na tai mpya. Wapiga picha walikuwepo. Bi Rosetta alikuja kutoka Delta na binti yake, mtoto mrefu wa kimya, mama kamshika mkono kama wako barabarani. Mimi na Earline tukakaa nyuma yao.

Maddox alikuwa kijana wa kupendeza, siwezi kusema uongo. Akasema anawashukuru, akasema enzi mpya imeanza. Enzi mpya, wakati kombe bado halijaingia vumbi! Earline akaguna mpaka watu wakageuka.

Alipomaliza, Denita akasogea kwake. Alisema polepole, lakini kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, sote tukasikia.

"Kocha, kuna jambo niliwaahidi kina mama. Msichana akivunjika, ufadhili wake haukatwi. Nawe utalishika hilo?"

Akatabasamu kuelekea kwa wapiga picha. "Tutaangalia hali ya kila mmoja. Hapa tumekuja kushinda, siyo kulea wagonjwa."

"Hilo ni hapana?"

"Ni tutaangalia." Kisha mpiga picha mmoja akamwambia achukue mpira, arushe kidogo. Maddox akavua koti lake, na bila kumtazama akamnyooshea Denita. "Nishikie hapo, mrembo."

Mwanangu ana miaka arobaini. Juu ya kichwa chake jina lake limening'inia.

Alilipokea. Hapo ndipo paliponiuma, mkono ulilipokea wenyewe, kwa mazoea. Akasimama nalo, akalitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Maddox akadunda mpira, mara mbili tatu.

Earline akaninong'oneza, "Mungu wangu, atalishika kweli?"

Denita akalikunja koti vizuri, mabega kwa mabega, kama ninavyokunja shuka za kanisa. Akatembea mpaka alipoketi Mchungaji Tolliver, akaliweka juu ya magoti yake. Mchungaji akalishika, angefanya nini? Mpiga picha akageuza kamera upande huo.

Kisha Denita akaja mbele ya Bi Rosetta, akachutama na lile goti lake bovu.

"Bi Rosetta, nilichokuambia jikoni kwako, siwezi kukuahidi tena. Umemsikia mwenyewe. Amua unavyoona."

"Na wewe je, mwanangu?" Bi Rosetta akauliza.

Maddox alikuwa ameacha kudunda mpira. Mchungaji akainuka nusu, koti mkononi, akaita, "Denita! Binti, rudi tuzungumze!"

Denita akamshika yule mtoto shavu, akasimama, akapita chini ya jezi yake, akasukuma mlango, akatoka.